Unyayo Juu ya Kandambili

Kandambili ilipita kwanza. Hilo halikuwa na ubishi. Ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka sita au saba, na mistari ya soli yake ilikuwa imejichapa vizuri kwenye vumbi la pembeni mwa lami. Juu yake kulikuwa na alama nyingine, iliyofuta kisigino chote: vidole vinne vya mviringo na kitako kipana nyuma yake. Hakuna kucha. Nikashusha kiganja changu karibu yake bila kugusa. Kiganja chote kingeingia, ilimradi nikunje vidole.

"Jike," akasema kijana aliyekuwa akinitembeza Ranthambore, hifadhi ya chui milia huko India. "Unyayo wa dume huwa wa mraba zaidi. Huu umerefuka."

"Wa lini?"

Akachuchumaa, akaupuliza ukingo wa alama taratibu kama mtu anayepuliza chai. "Kandambili ya jana jioni. Huyu ni wa leo, alfajiri."

Ilikuwa saa nne kasoro asubuhi. Nyuma yetu gari la abiria lilikuwa limepigwa jeki, dereva anahangaika na pancha, na abiria wenzangu walishaamua kumalizia kwa miguu. Walikuwa mahujaji wanaokwenda hekaluni. Akina mama walibeba vikapu vya maua na vitambaa vyekundu, watoto walirushiana maganda ya karanga. Hakuna aliyejali unyayo, isipokuwa mama mmoja wa makamo, mwenye sari ya manjano. Akautazama, akanitazama mimi, akanishika kiwiko na kunisogeza hatua mbili huku akisema jambo upesi upesi. Kijana wangu akacheka. Mama naye akacheka, tukaongozana.

Sikuuliza amesema nini. Nilidhani ni dua.

Miezi minne sasa, na sentensi ile nisiyoielewa haijanitoka.

## Mnyama wa blanketi

Nilikwenda India kumsindikiza baba mdogo. Upasuaji wa moyo, Delhi, mwezi wa pili mwaka 2025. Wengi mnaosoma hapa mmepita njia hiyo au mna ndugu aliyeipita, kwa hiyo habari za viza, vikao vya michango na foleni za vipimo tuziache. Upasuaji ulikwenda salama. Daktari akasema arudi baada ya siku kumi. Siku ya tatu ya kukaa kwenye nyumba ya wageni tukitazamana, baba mdogo akaniambia, "Weye nenda katembee. Mie ninaye mama yako mdogo, na nimechoka kuulizwa kama nimemeza vidonge."

Nikachagua Ranthambore kwa sababu mbili. Kwanza, ipo njiani: treni za Delhi kwenda Mumbai zinapita Sawai Madhopur, mji ulio mlangoni mwa hifadhi. Ya pili ni blanketi.

Kila aliyekulia nyumba kama yetu Tanga analijua blanketi hilo. Zito, la manyoya, lenye picha ya chui milia anayekutazama kwa macho ya manjano. Kwetu lilikuwa la wageni, likikaa juu ya kabati ndani ya mfuko wake wa nailoni wenye zipu, na sisi watoto tulilipata tukiugua malaria tu. Mnyama huyu nilimlalia miaka mingi kabla sijajua kwamba Afrika hayupo kabisa. Hata jina tumemshonea. Kuna wanaomwita simba marara na wanaomwita chui milia, yaani tumemwazima simba, tumemwazima chui, tukamchora mistari. Mnyama ambaye lugha yako haikuhitaji kumpa jina ni rahisi sana kumpenda. Hajawahi kumla mtu unayemjua.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika leo. Februari nisingeweza kuiandika.

## Mizunguko miwili, hata mkia sikuuona

Hifadhi imegawanywa kanda kumi, na kanda unapangiwa kwenye tiketi, kwa hiyo hata bahati yako ina namba. Kigari cha wazi cha watu sita wanakiita jipsi. Wasio na fedha za jipsi hupanda kenta, na ndiyo kenta ileile ya kwetu ya kubebea mchanga, ila wameiondoa turubai na kuifunga viti ishirini. Nilipanda kenta. Alfajiri ya Februari kule ni baridi ya kung'ata, tukagawiwa mablanketi. La kwangu lilikuwa la kijivu, halina picha.

Msitu wenyewe haukuwa nilioutarajia. Nilidhani nitakuta majani mabichi na ukungu. Ni vilima vya mawe, nyasi zilizokauka rangi ya ngozi ya swala, na miti iitwayo dhok iliyopukutisha majani yote ikabaki vijiti vya kijivu. Ukitazama vijiti hivyo na nyasi hizo jua linapochomoza ndipo unapoielewa mistari ya mnyama yule. Angeweza kuwa amelala hatua ishirini kutoka kwetu, na nina hakika mara moja alikuwapo.

Nasema hivyo kwa sababu ya sambar. Ni kulungu mkubwa wa kule, mwenye manyoya ya kahawia yaliyovurugika, na hupenda kuingia ziwani mpaka tumboni akala magugu ya majini huku mamba wakimtazama. Akimwona chui milia hutoa mlio mmoja mkali, mfupi, kama honi ya baiskeli ya zamani. Tuliusikia mlio huo karibu na ziwa la Padam Talao. Dereva akazima injini. Kima wa kijivu wenye nyuso nyeusi wakaanza kukohoa juu ya miti. Ndani ya dakika tano magari yalikuwa kumi na nne, nimeyahesabu, watu wamesimama juu ya viti, kamera zimetolewa ndefu kama mabomba ya maji.

Dakika arobaini. Ndege mwekundu wa kahawia mwenye mkia mrefu akatua kwenye kofia ya Mjerumani mmoja, akamwibia biskuti. Basi. Sambar akarudi kula.

Jioni yake hivyohivyo. Sikuona hata mkia. Wenzangu kwenye kenta walinuna kama watu waliouziwa simu feki. Mimi sikununa sana, kwa sababu muda wote nilikuwa nikitazama juu, kwenye ukuta.

## Barua za harusi

Juu ya hifadhi, kwenye jabali linalosimama kama meza, ipo ngome. Kuta zake zinafuata ukingo wa jabali kilomita kadhaa, mpaka hujui jiwe la Mungu linaishia wapi na la mwashi linaanzia wapi. Tangu 2013 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na ngome nyingine tano za Rajasthan. Lakini si ngome iliyokufa. Ndani yake mna hekalu la Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, na wa hapa ana macho matatu, na mtu akipanga harusi, kadi ya kwanza kabisa hupelekewa yeye. Kwa posta. Nilizikuta zimerundikana mbele yake, bahasha nyekundu na za dhahabu, mabunda kwa mabunda. Nikafikiria kamati zetu za harusi zinavyogombana juu ya orodha ya waalikwa, na hapa mwalikwa wa kwanza hana mjadala.

Ndani ya ngome hiyohiyo lipo hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, na kuna kaburi la pir, yaani walii wa Kiislamu, limefunikwa kitambaa cha kijani. Nikasimama nikamsomea Fatiha. Harufu ya udi ilinirudisha Tongoni, kwenye yale makaburi ya kale kusini mwa Tanga ambako bibi alitupeleka na chetezo na ubani, nasi tukiulizana kwa minong'ono kama wenyewe wanasikia. Watalii huyaita yale magofu. Bibi hakuwahi kuyaita hivyo. Gofu ni nyumba isiyo na mwenyewe.

Na historia ya mahali hapa, jamani, ni ya mgeni na mwenyeji. Mwishoni mwa karne ya 13 bwana wa ngome alikuwa Hammira, mfalme wa Kihindu wa ukoo wa Chauhan. Akaja kwake Mmongolia aliyesilimu, Muhammad Shah, aliyekuwa ameasi jeshi la Sultani Alauddin Khalji wa Delhi, akaomba hifadhi. Hammira akampa. Sultani akamtaka mtu wake, Hammira akakataa. Mwaka 1301, baada ya kuzingirwa miezi mingi na njaa kuingia ndani, ngome ikaanguka. Wanawake wa jumba la kifalme walijitosa motoni wasitekwe, wanaume wakatoka kwenda kufa. Wanahistoria wa zamani wanasimulia kwamba Muhammad Shah alikamatwa akiwa na majeraha, Sultani akamuuliza, nikikuponya utafanya nini? Akajibu kwamba atamuua Sultani na kumtawaza mtoto wa Hammira. Wakamkanyagisha tembo.

Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hakupona.

Nilikaa ukingoni mwa ukuta nikatazama chini. Maziwa matatu, mamba kama magogo, kibanda cha mawindo cha wafalme wa Jaipur kimezungukwa na maji, na vijigari vidogo vikikimbilia kona moja. Juu huku watoto wanafukuzana kwenye ngazi zilezile ambazo, kijana wangu aliniambia, chui milia hupanda usiku.

Nikaona nimeelewa jambo kubwa. Nikatoa simu.

## Nilichokiandika

Nakinukuu chote, maana wengine mlikisambaza.

"Hawa watu wameweza tulichoshindwa sisi. Hakuna uzio. Watoto wao na chui milia wanapita njia moja, na hakuna anayemwogopa mwenzake. Leo nimeona unyayo wa chui juu ya kandambili ya mtoto. Huo ndio mkataba wao, na haukuandikwa na mzungu yeyote."

Chini yake niliweka picha aliyonipiga yule kijana akiwa mbele yetu: mimi na mahujaji tunakuja, jabali upande mmoja, bonde upande wa pili, kila mtu anacheka.

Mlinipongeza sana. Mwalimu mmoja wa Moshi aliomba ruhusa ya kuisoma darasani. Nikajibu kila mtu, mikono ya kuomba na moyo mwekundu.

Baba mdogo hakusema kitu.

## "Uliwauliza?"

Niliporudi Delhi nilimkuta amekaa kitandani, bandeji kifuani, anaisukuma dali kwa kijiko kama mtu anayetafuta nyama ndani yake. Nikamwonyesha picha moja moja. Alipofika ile ya njiani akavaa miwani, akaitazama muda mrefu.

"Nimeisoma ile habari yako," akasema.

"Umeionaje?"

"Uliwauliza?"

"Niwaulize nini, baba?"

"Kama hawaogopi."

Nikanyamaza. Mama mdogo akainuka kwenda kuchemsha maji, kama afanyavyo akijua baba mdogo anataka kusema jambo refu.

Sikuwa najua, au nilijua nikasahau, kwamba baba mdogo alifundisha shule ya msingi Rufiji mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni miaka ya simba. Inaelezwa kuwa simba mmoja peke yake aliua watu wasiopungua 35 mpaka alipouawa mwaka 2004, na alipochunguzwa alikutwa na jipu kubwa kwenye jino. Baba mdogo alisimulia bila kupandisha sauti. Jinsi nguruwe pori walivyomaliza mahindi na mpunga, kwa hiyo watu walilazimika kulala madunguni kulinda. Jinsi simba walivyowafuata nguruwe, wakawakuta walinzi. Jinsi walimu walivyokwenda chooni wanne wanne na koroboi. Asubuhi aliita majina darasani, na mtoto asipoitika, darasa zima lilikuwa likigeuka kutazama mlangoni.

"Na tulikuwa tunacheka," akasema. "Tulicheza bao, tuliozesha, tulitania. Mgeni angekuja mchana angetukuta tunacheka. Angekwenda kuandika kwamba hatuogopi."

Akairudia dali yake. Hakuwa na hasira nami hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sikuifuta ile habari. Nilijiambia kule ni kwingine, hawa ni watu wengine, wana imani nyingine. Nilikuwa na sababu nyingi nzuri.

## Aprili

Tarehe 16 Aprili nilikuwa nimesharudi nyumbani. Kijana wangu wa Sawai Madhopur hakuniandikia, niliikuta kwenye habari. Mtoto wa kiume wa miaka saba, akirudi kutoka hekalu la Ganesh na familia yake. Jike la chui milia likatoka msituni, likamchukua mbele ya macho yao.

Miaka saba. Njia ileile.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga na sitalificha: nilifikiria ile kandambili. Nilijua haiwezekani, maelfu ya watoto hupita pale. Hata hivyo niliifungua picha niliyoupiga unyayo, nikaikuza mpaka ikawa vumbi tupu.

Mwezi uliofuata, tarehe 11, ofisa mmoja wa hifadhi aliuawa chini ya ngome, upande wa maziwa. Tarehe 9 Juni akauawa mlinzi wa hekalu la Wajaini, ndani ya ngome yenyewe. Watu watatu kwa muda usiofika miezi miwili, wote kuzunguka jabali lile nililokaa juu yake nikitunga mikataba.

Nikaingia kuifuta habari yangu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kisha nikaona kuifuta ni kama kuukanyaga unyayo ili ionekane hapakupita mtu. Imebaki. Nimeongeza tu mstari mmoja juu yake: "Sikuwauliza."

## Ndama

Sasa nilisoma kwa bidii niliyopaswa kuwa nayo kabla ya kwenda. Nilichokikuta kimenivuruga zaidi badala ya kunituliza.

Malkia mashuhuri wa chui milia wa Ranthambore aliitwa Machli, maana yake samaki, kwa sababu ya alama usoni mwake. Alipigana na mamba ziwani mbele ya kamera, akazaa, akapigwa picha kuliko waigizaji wengi. Alipozeeka na kung'oka meno, wahifadhi walimpelekea chakula asife njaa. Alikufa Agosti 2016, akachomwa kwa heshima ya mazishi ya Kihindu na mashada ya maua. Mjukuu wake, Arrowhead, alirithi maziwa yaleyale chini ya ngome. Naye akaugua, akashindwa kuwinda vizuri, huku ana watoto wa kulisha. Kwa mujibu wa habari za huko, akawekewa wanyama hai wa kumtosha yeye na wanawe. Watoto hao wakakua wakijua kwamba chakula huja pamoja na watu. Wakosoaji wanasema huko ndiko hofu yao kwa binadamu ilikokwisha. Binti yake mmoja ndiye aliyehusishwa na mauaji. Tarehe 19 Juni binti huyo alipakiwa akahamishiwa hifadhi nyingine, Mukundra. Siku hiyohiyo mama yake akafa. Siku chache kabla, akiwa mgonjwa wa kukokota miguu, alikuwa ameua mamba.

Nimejiuliza mara nyingi: ningekuwa mimi, ningempelekea ndama?

Ningempelekea. Najijua. Ningemwona anapepesuka kando ya ziwa, watoto wake watatu wanamfuata, na ningefungua bodi ya gari mwenyewe. Tena ningepiga picha, niandike, nanyi mngenitumia mioyo.

Kisha yupo Fateh Singh Rathore. Mwaka 1961, akiwa mhifadhi kijana, alikuwa miongoni mwa waliomwandalia mawindo Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth, naye akapiga chui milia papo hapo Ranthambore. Mwaka 1973 India ilipoanza mpango wake wa kumwokoa mnyama huyu, Ranthambore ikiwa kati ya hifadhi tisa za mwanzo, mtu huyohuyo ndiye aliyegeuka mlinzi wake mkubwa. Alisimamia kuhamishwa kwa vijiji vilivyokuwa ndani. Inasimuliwa kwamba alilia pamoja na wanavijiji walipoondoka. Mwaka 1981 wanavijiji walimvizia wakampiga nusura wamuue. Alipona, akarudi kazini.

Sitaki kulinganisha na ya kwetu. Nikiandika neno "kuhamishwa" kila mmoja wenu ameshakumbuka jina la mahali.

Ila nimeona jambo moja ambalo kwenye ile habari yangu nililipitia juu kwa juu. Nilisema hakuna uzio. Uzio upo. Uliwahamisha walioishi mle, ukawaacha wanaopita tu: mtalii kwa tiketi, hujaji kwa kadi ya harusi. Waliobaki ndani ni Ganesh, pir, na chui milia. Naye chui milia, idadi yao sasa inatajwa kuwa 70 hivi kwenye hifadhi ile. Madume vijana wanakosa pa kukaa wanasukumwa pembezoni, na pembezoni ni mashamba ya watu. Nani mgeni pale? Mahujaji wamepanda jabali lile kwa karne nyingi kabla ya neno hifadhi. Chui milia amekuwapo kabla ya jiwe la kwanza la ngome. Kila mmoja ana haki ya kusema karibu.

Nilimpigia baba mdogo nikamweleza hayo yote, kwa kirefu, kwa msisimko wa mtu aliyesoma sana wiki moja. Alisikiliza. Akauliza kama familia ya yule mtoto walilipwa chochote. Nikasema nitatafuta. Akasema, "Anza na hilo."

## Upande wa ndani

Wiki iliyopita nilimwandikia kijana wa Sawai Madhopur. Nilikuwa nimechelewa na nikamwomba radhi. Akanijibu kwamba wao wazima. Baada ya kifo cha mtoto njia ya hekaluni ilifungwa siku kadhaa, ikafunguliwa, na hivi sasa mvua zimeanza, kwa hiyo kanda za maziwa zinafungwa mpaka Oktoba na yeye amerudi chuoni. Mama yake bado anapanda hekaluni.

Nikamuuliza kama anaikumbuka asubuhi ya pancha. Mama mwenye sari ya manjano, aliyenishika kiwiko. Alisema nini?

Nikaona ameusoma ujumbe. Kimya siku mbili. Nikadhani ameona swali la kipuuzi, mtu anauliza sentensi ya Februari, tena ya mtu asiyemfahamu.

Akajibu Alhamisi usiku.

"Namkumbuka, maana nilicheka. Aliniambia, wewe vipi, mgeni wako unamtembeza upande wa bondeni? Mweke ndani na watoto. Nje wanakaa wakubwa."

Nikaitafuta ile picha, ile mliyoipenda. Watoto wako kando ya jabali, wote, wamebanana mpaka bega la mmoja limegusa mwamba. Mimi niko nao. Halafu wanawake wenye vikapu. Ukingoni kabisa, upande wa bonde, yuko mama wa sari ya manjano na wanaume wawili wenye fimbo. Niliandika kila mtu anacheka. Wanaume wale hawacheki, na mama yule meno yake yanaonekana, lakini uso kaugeuzia porini.